Bonasi kwa Kilomita: Jasho Lipi Lihesabiwe?

Mwishoni mwa mwaka 2023 zilienea duniani habari za kiwanda kimoja cha karatasi katika jimbo la Guangdong, nchini China, kiitwacho Dongpo. Tajiri wa kiwanda hicho aliamua kuiondoa bakshishi ya mwisho wa mwaka iliyokuwa ikitolewa kwa kipimo cha kazi, na mahali pake akaweka bonasi ya mbio. Mfanyakazi akimbiaye kilomita 50 kwa mwezi hupata bonasi yake kamili ya mwezi huo. Afikishaye 40 hupata asilimia 60. Wa kilomita 30 hupata asilimia 30. Na hodari atimizaye kilomita 100 huongezewa asilimia 30 juu ya haki yake. Kupanda mlima na kutembea kwa kasi navyo huhesabiwa, lakini kwa sehemu tu. Mwenye kuhesabu si nyapara wala karani, bali ni simu iliyomo mfukoni mwa mfanyakazi mwenyewe.

Wengi waliosoma habari hizo walicheka, na wengine wakasifu. Sisi hatukucheka. Mpango wa kumlipa mtu kwa kuushughulisha mwili wake hauko China peke yake. Afrika ya Kusini kampuni ya bima ya Discovery imekuwa ikiwazawadia wateja wake kwa mazoezi tangu 1997, na huko Marekani makampuni mengi yana mipango ya namna hiyo kwa watumishi wao. Arusha ni mji wenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, wenye ofisi za mashirika ya kigeni na makampuni ya utalii kila mtaa, na desturi za ofisi za ng'ambo hazikawii kuingia hapa. Kwa hiyo yafaa wafanyakazi wa Arusha na wa miteremko ya Mlima Meru walitazame shauri hili mapema, kabla halijaletwa mezani kama kifungu cha mkataba wa hali bora, karatasi ikiwa imekwisha pigwa chapa na kalamu imekwisha funguliwa.

Kwanza tukubali lililo kweli. Maradhi ya kukaa kitako yameingia nchini. Upimaji wa mwaka 2012, uliowahusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la damu, na kwamba tisa katika kila mia wana kisukari. Zamani tuliyaita maradhi ya wakubwa. Leo yameketi katika kiti kimoja na karani, na mwalimu, na dereva wa lori la Namanga, na mama mwenye duka Kilombero. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila juma, yaani nusu saa kwa siku tano, jambo ambalo si kubwa hata kidogo kwa mwenye nafasi. Serikali nayo haikunyamaza. Desemba 2016 Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya watu kunyoosha viungo. Watumishi wa wizara wana michezo yao ya SHIMIWI; mashirika ya umma na makampuni yana SHIMMUTA; na kila mwaka kabla ya Mei Mosi wafanyakazi huvutana kamba, hukimbia, hucheza bao, na hutaniana kwa vitambi vyao. Sherehe za kitaifa za Mei Mosi ya 2024 zilifanyika hapa hapa Arusha, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid.

Tena kukimbia si jambo geni kwetu. Kila aliyesoma shule ya msingi katika nchi hii aujua mchakamchaka: alfajiri, vumbi, nyimbo, na mwalimu wa zamu akifuata nyuma na fimbo yake. Na wakubwa wetu waliwahi kutangulia kwa miguu yao wenyewe. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio lililotangazwa katika mji huu, Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza, safari ya zaidi ya kilomita 200, kwenda katika mkutano mkuu wa TANU. Hapana aliyemlipa kwa kilomita.

Basi ugomvi wetu hauko katika mazoezi. Twauliza habari ya mfuko ambamo fedha ya kuyalipia itatolewa.

Bonasi ni nini? Kiwanda kikiuza kuliko kilivyotazamia, shamba likitoa maua mengi kuliko mwaka uliopita, hoteli ikijaa wageni msimu mzima, ziada hiyo haikushuka na mvua. Imetoka mikononi mwa watu waliokata, walioshona, waliopika na waliobeba. Bonasi ni sehemu ndogo ya ziada hiyo inayowarudia wenyewe. Ni deni lililochelewa kulipwa, na tajiri aitoaye hatoi sadaka. Sasa akija akasema: fedha ile ile niliyokuwa nikikupa kwa vitambaa ulivyoshona, tangu leo nitakupa kwa kilomita utakazokimbia jioni, amefanya mambo mawili kwa mpigo mmoja. Ameufuta ujira wa kazi iliyokwisha kufanywa, na ameinunua saa ya mapumziko ya mfanyakazi kwa fedha ya mfanyakazi mwenyewe. Msomaji na akumbuke kwamba kile kiwanda cha Guangdong hakikuongeza bonasi mpya juu ya ile ya zamani. Kiliibadili.

Wazee wetu walikijua kitu cha namna hii kwa jina jingine. Katika mashamba ya mkonge, zama za ukoloni, palikuwa na kipande: kadi yenye nafasi za siku 30, na kila mtu alipomaliza ngwe yake ya siku, kadi ilitiwa alama. Mshahara ulitoka kadi ilipojaa. Aliyeugua siku kumi, kadi yake ilingoja, na watoto wake wakangoja. Simu yenye kuhesabu hatua ni kipande kilichotiwa kioo. Tofauti yake ni kwamba kipande cha mkoloni kilikoma penye mpaka wa shamba, na simu humfuata mtu hadi kitandani kwake.

Lakini tufanye hesabu kwa haki, tusije tukaambiwa twapiga kelele bure. Kilomita 50 kwa mwezi ni kilomita moja na theluthi mbili kwa siku. Mtu mwenye afya njema aweza kuzikimbia kwa dakika kumi na ushei. Kwa karani wa ofisi katika jengo la mikutano la AICC, akaaye Njiro au Sakina, mwenye raba nzuri na bafu la maji ya moto, hilo ni jambo la kufurahisha. Atatoka saa kumi na moja na nusu jioni, atazunguka mtaa, ataoga, atapata bonasi yake kamili, na moyo wake utamshukuru. Yamkini alikuwa akikimbia tangu zamani bila kulipwa.

Sasa tushuke Usa River. Mama akataye maua katika nyumba za plastiki za huko, au za Tengeru, huamka saa kumi ya usiku. Kabla hajatoka ameteka maji, amewasha moto, amewaandalia watoto uji. Hupanda kifodi au lori la shamba, na tangu asubuhi husimama, huinama, hukata, hubeba ndoo za mawaridi mpaka chumba cha baridi. Ifikapo Januari hadi katikati ya Februari, wakati Ulaya inapojiandaa kwa sikukuu ya wapendanao, kazi huzidi na msimamizi hana simile. Jioni hurudi kwake. Kuna maharagwe ya kuchemsha na mashati ya shule ya kufua. Akimbie saa ngapi? Tena akimbie wapi? Kichochoro cha kutoka barabara kuu hadi nyumbani kwake hakina taa, na kila mwanamke aijua sababu ya kutokimbia peke yake gizani bila ya kuelezwa na mhariri wa gazeti. Simu yake ni ya kitochi, haihesabu hatua. Kwa kipimo cha Guangdong, mama huyu amepata sifuri.

Au tupande mlimani kwenyewe. Meru ina urefu wa mita 4,566, na kilele chake chaitwa Socialist Peak hata leo, jina ambalo wageni wengi hulipiga picha bila ya kuuliza habari zake. Mpagazi huanzia lango la Momella, kwenye mita 1,500 hivi. Siku ya kwanza hulala Miriakamba, kwenye mita 2,500. Siku ya pili hufika kambi ya Saddle, juu ya mita 3,500. Mbele hutangulia askari wa hifadhi na bunduki yake kwa ajili ya nyati, na wageni na vijifuko vyao mgongoni, na mpagazi na furushi lenye hema, sufuria na viazi. Upande wa Kilimanjaro kanuni za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mpagazi, na mizigo hupimwa langoni kwa mizani. Je, mtu huyu amefanya mazoezi? Amefanya kuliko ofisi nzima ya kampuni iliyomchukua. Walakini yeye mara nyingi hana mkataba wa mwaka, na asiye na mkataba wa mwaka hana bonasi ya mwaka. Ana ujira wa safari, na ana bakshishi ya wageni, ambayo wao huiita tipu, na ambayo hugawanywa siku ya mwisho kwa viongozi, mpishi na wapagazi wote. Karani aliyeketi mjini akiliandika jina lake katika orodha ya msafara angelipwa kwa kukimbia kilomita mbili jioni. Mpagazi aliyepanda mita 2,000 na mzigo kichwani asingelipwa hata senti, kwa sababu hayo siyo mazoezi, ni kazi.

Hapa tajiri mwerevu atajibu: vema, basi tuzihesabu na hatua za kazini, ili mkata maua na mpagazi nao wapate. Jibu hilo lina sura nzuri, nasi twalipenda kuliko lile la kwanza. Lakini lina shimo ndani yake, na wataalamu wamelichungulia. Mwaka 2018 watafiti wa Ulaya walikusanya tafiti 17 zilizohusu watu karibu 194,000, wakaona kwamba wanaume wenye kazi nzito za mwili walikuwa na hatari ya kufa mapema iliyozidi kwa asilimia 18 ile ya wenzao wa kazi nyepesi. Sababu zilizotajwa mkulima yeyote angeweza kuwaambia. Akimbiaye jioni kwa kupenda kwake huuchokoza moyo kwa nusu saa, kisha hupumzika. Abebaye mzigo kutwa huuweka moyo katika mbio saa nane, hachagui mwendo, hachagui uzito, wala hachagui saa ya kuketi. Ni kweli kwamba utafiti wa Norway uliotolewa 2021 ulipata majibu mengine, na ubishi wao haujakwisha. Kwetu yatosha kusema hivi: mgongo wa mkata maua hauombi hatua zaidi. Waomba kiti, na waomba saa za kazi zipungue Februari. Mpango uhesabuo hatua peke yake hautaona haja hiyo hata siku moja, maana kwake yeye aliyechoka sana na aliyefanya mazoezi sana ni mtu mmoja.

Na je, mipango hii huleta afya inayoahidiwa? Marekani, nchi iliyotumia fedha nyingi katika jambo hili, imelipima kwa njia ya haki, yaani kwa kura. Chuo Kikuu cha Illinois kilianza mwaka 2016 kuwagawa watumishi wake karibu 5,000 kwa bahati nasibu, wengine wakaingizwa katika mpango wa afya wenye malipo, wengine wakaachwa nje. Matokeo: gharama za matibabu hazikutofautiana, wala kwenda katika vyumba vya mazoezi hakukuongezeka, na walioukimbilia mpango kwa hiari walikuwa tangu mwanzo watu wenye afya nzuri na gharama ndogo. Mwaka 2019 ulitolewa utafiti mwingine, wa maduka ya BJ's, uliowahusu watu karibu 33,000 katika matawi 160. Baada ya miezi 18 watu wa matawi yenye mpango walisema kwamba wanafanya mazoezi zaidi kuliko wenzao. Lakini uzito wao, shinikizo lao la damu, siku zao za kukosa kazini, vyote havikuwa na tofauti ya maana. Msomaji ataona mambo yanavyokwenda. Fedha iliyotengwa kwa ajili ya afya ya wote humfikia yule aliyekuwa nayo, naye huitia mfukoni kwa shukrani.

Hatutaki kusema kwamba malipo hayamsukumi mtu kabisa. Humsukuma. Humsukuma hata kudanganya: huko China huuzwa vijimashine vidogo vya kuitikisa simu mezani ili ihesabu hatua wakati mwenyewe akila. Tusishangae, tajiri akinunua namba, atauziwa namba.

Jambo jingine ni kwamba zawadi ina ndugu yake pacha, nayo ni faini. Mwaka 2018, katika jimbo la West Virginia, walimu na watumishi wengine wa serikali waliletewa mpango wa bima uitwao Go365. Walitakiwa waiweke programu hiyo katika simu, wahesabiwe hatua, wapimwe miili. Asiyetaka angelipa dola 25 zaidi kila mwezi, na angebeba dola 500 zaidi za matibabu kabla bima haijaanza kumsaidia. Watu wale walikuwa na mishahara midogo na malalamiko mengi ya zamani, lakini ile simu ya kuwapeleleza miguu ilikuwa chumvi katika kidonda. Tarehe 22 Februari walimu wa wilaya zote 55 za jimbo waliweka chaki chini. Mgomo ulipokwisha mwanzoni mwa Machi walikuwa wamepata nyongeza ya asilimia 5, na ule mpango wa Go365 ulikuwa umekwisha wekwa kando. Katika karatasi ya mwajiri ulikuwa umeandikwa kwa maneno ya upole kabisa: afya, ustawi, motisha. Ni yule aliyesoma kifungu cha dola 25 aliyejua kilichomo.

Sasa tutazame kwetu, tuone ni nini kilichopata kumfanya mtu wa nchi hii akimbie kweli kweli. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, tarehe 2 Februari 1974. Juma Ikangaa alishinda mbio ndefu za New York mwaka 1989. Alphonce Simbu, ambaye mazoezi yake huyafanya katika baridi hii ya Arusha, alishinda marathoni ya dunia mjini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu tatu za mia moja za sekunde. Wote watatu ni watu wa Jeshi. Jeshi halikuwaambia: fanyeni kazi kutwa, kisha kimbieni usiku, nasi tutawakata au kuwalipa kwa kilomita. Liliyatia mazoezi ndani ya saa za kazi, likatoa mahali, viatu na mwalimu, na mshahara ukaendelea kutoka, ashinde au ashindwe. Hatusemi mkata maua awe Simbu. Twasema kwamba kitu walichopewa mabingwa hao ndicho asichokuwa nacho mkata maua, na kitu hicho ni saa.

Nchi hii pia imewahi kuishughulikia afya ya watu wengi kwa mara moja bila ya kumhonga mtu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuisikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka majani yaliyozunguka nyumba. Walichimba kwa sababu walielezwa, na kwa sababu walichimba pamoja. Hatuwezi kuurudisha mwaka 1973, na redio ya kikundi imekwisha shindwa na simu ya mtu mmoja mmoja. Lakini ni jambo la kufikiriwa kwamba wakulima wale, wengi wao hawakujua kusoma, waliaminiwa kuelewa faida yao wenyewe, na karani wa leo mwenye cheti adhaniwa hawezi kuinuka kitini bila ya kutangaziwa bei.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka saa 45 za kazi kwa juma, na yasema saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mwajiri anayemtaka mtu akimbie jioni ili aipate fedha aliyoizoea ameomba saa ya ziada kwa jina jingine, na kila tawi lapaswa kumwuliza: saa hii iko ndani ya zile 45, au iko nje? Kama iko ndani, sisi tutapiga makofi. Kama iko nje, iandikwe hivyo na ilipwe hivyo. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo hiyo chakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu, ujauzito, umri, na virusi vya UKIMWI. Haikutaja mbio, maana mwaka 2004 hapana aliyewaza mambo haya. Lakini fundi mwenye mguu mmoja, mzee wa miaka 58 aliyebakiza miezi michache kustaafu, mama mwenye mimba ya miezi saba, wote hao watakimbia kilomita 50 kwa njia gani? Wataambiwa kwamba watapewa msamaha wakileta cheti cha daktari. Na hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawajaiona.

Fikirini orodha ya bonasi ya mwezi. Wenzako kumi na watano wamepata kamili, wawili wamepata nusu, na mmoja amesamehewa. Kwa nini amesamehewa? Kijana wa stoo aliyekuwa akicheza mpira, mbona mwezi huu hakukimbia? Binti wa mapokezi, mbona hatua zake zimepungua tangu Machi? Kabla mwenye mimba hajamwambia mama yake, mwajiri amekwisha jua. Mwenye kumeza dawa zake kwa siri, kama ilivyo haki yake, itambidi achague kati ya siri na fedha. Msimu wa wageni ukipungua na kampuni ikitaka kupunguza watu, je, mtu aliyeketi na hesabu ya miguu ya kila mmoja kwa mwaka mzima hataifungua daftari hiyo? Hatumtuhumu yeyote. Twasema tu kwamba daftari itakuwapo mezani.

Kama mwajiri wa Arusha ana nia njema, na wako wenye nia njema, kazi ya kufanya ipo tele, na haina haja ya simu. Muda wa dakika thelathini za mazoezi uwekwe kabla ya saa ya kutoka, mara tatu kwa juma, na mshahara usiguswe. Wenye kukaa kutwa wainuliwe viti, na wenye kusimama kutwa wapewe viti. Chakula cha mchana kiwe na mboga, maana ugali wa sahani nzima na soda ya chupa kubwa huharibu kazi ya kilomita nyingi. Pawe na kipimo cha shinikizo la damu bure, mara mbili kwa mwaka, na majibu apewe mwenye mwili wake peke yake. Kikundi kikitaka kukimbia Jumamosi ya pili, kipewe gari na maji. Na fedha ikitengwa kwa zawadi za mazoezi, iwe ni fedha mpya, juu ya bonasi ya kazi, nayo ipewe timu nzima na si mtu mmoja mmoja, ili asiyeweza kukimbia awe mtunza saa au mpika chai na apate fungu lake. Tungependa pia kuuliza swali dogo, kwa heshima zote: bonasi ya mkurugenzi nayo itapimwa kwa kilomita, au miguu ya wakubwa ina mizani yake?

Mpango huu ukifika katika tawi lenu, utakuja na fomu ya ridhaa. Itawabidi walete fomu, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yazihesabu habari za afya ya mtu kuwa ni taarifa nyeti, zisizoshughulikiwa bila ya idhini yake ya maandishi. Sahihi yako ndiyo ufunguo. Msitie sahihi siku ile ile fomu inapoletwa. Ichukueni, katibu wa tawi aisome kwa sauti mbele ya wanachama wote, kwa Kiswahili, na yaulizwe mambo haya na majibu yaandikwe: taarifa zitakaa wapi na kwa muda gani, nani atazisoma, asiyetia sahihi atapoteza nini, na ile bonasi ya zamani, ya kazi, imekwenda wapi.